Gome Chungu na Majani ya Maniema

Reli ya kati ya Kongolo na Kindu ilimalizika mwaka 1910. Hapo Kindu gari moshi lilisimama, mizigo ikashushwa, kisha ikapakiwa katika meli za mto Lualaba kwenda Ponthierville, mji ambao leo huitwa Ubundu. Ndivyo Kindu ilivyokua: huku reli, huku mto, na watu wa makabila mengi katikati. Lakini penye mto na joto na mvua nyingi hapakosi mbu, na mbu wa namna ile huleta homa ya malaria. Hata leo, katika kila wagonjwa 100 wa malaria duniani, kama 12 ni watu wa Kongo. Basi hakuna nyumba ya Kindu isiyoijua homa hiyo.

Mtoto anaanza kutetemeka jioni. Mwili ni moto, macho mekundu, chakula hataki. Jirani anamwambia mama, "Chemsha majani haya, mpe anywe, kesho ataamka mzima." Mwuguzi wa dispanseri anamwambia, "Lete mtoto tumpime damu, tumpe vidonge." Mama anasimama katikati. Fedha ni kidogo, usiku umeingia, na mtoto analia. Amsikilize nani?

Watu wengi hujibu upesi. Mmoja husema, "Majani ni mambo ya ushenzi, kidonge ndicho dawa." Mwingine husema, "Kidonge ni cha Wazungu, majani ndiyo dawa yetu tuliyoachiwa na wazee." Wote wawili wamekosa, kwa maana hawajui kidonge kimetoka wapi. Ndugu msomaji, keti kidogo tukusimulie habari yake. Ni habari ndefu: inapita Peru, Roma, China na Kivu, na mwisho inarudi hapa hapa Maniema.

Gome la Peru

Katika milima ya Amerika ya Kusini, upande wa Loja ambao leo ni nchi ya Ekwado, kuna mti ambao gome lake ni chungu kupita kiasi. Husemekana wenyeji wa huko walilitumia gome hilo kwa kutuliza mwili unaotetemeka kwa baridi. Malaria yenyewe haikuwa ugonjwa wao wa asili. Ilivuka bahari pamoja na meli za Wahispania na watumwa waliotolewa Afrika. Ugonjwa ulitoka upande mmoja wa bahari, na dawa yake ikaonekana upande wa pili.

Mapadre na mabruda wa Shirika la Yesu walikuwa na chuo kikubwa katika mji wa Lima, na ndani ya chuo palikuwa na nyumba ya dawa. Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Bruda Agostino Salumbrino, Mwitalia. Yeye ndiye hukumbukwa kwa kulituma gome Roma katika miaka ya 1630. Na Roma wakati ule ilikuwa kama Kindu yetu: mabwawa pande zote, na homa kila mwaka wakati wa joto. Mapadre, makardinali na maskini walikufa kwa homa ile ile.

Kardinali Juan de Lugo, naye Mjesuiti, alilinunua gome kwa fedha na kuwagawia maskini wa Roma. Karibu mwaka 1650 ikapigwa chapa Roma karatasi ya maagizo. Iliwaambia watu kiasi gani cha unga wa gome kinywewe, saa gani, na kwamba kiloweshwe katika mvinyo. Ikumbuke karatasi hiyo, msomaji. Dawa ilikuwa ni ile ile gome, lakini sasa ilikuwa na kipimo. Tutarudi kwenye neno hili.

Si wote waliolipokea. Kwa kuwa liliitwa "unga wa Wajesuiti", Waprotestanti wengi wa Uingereza walilikataa. Walisema ni hila ya mapadre. Ndipo akatokea mtu mmoja, Robert Talbor, akawaonya watu hadharani wajihadhari na unga ule, huku yeye mwenyewe akiutibu ugonjwa kwa dawa ya siri. Alimponya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, akaitwa Ufaransa akamponya mwana wa Mfalme Louis wa 14. Mfalme akainunua siri yake kwa fedha nyingi. Talbor alikufa mwaka 1681, na mwaka uliofuata siri ikatangazwa: mvinyo uliotiwa unga wa Wajesuiti! Watu walikuwa wamelikataa jina la dawa, na dawa yenyewe wakainywa.

Mwaka 1693 homa ikamshika Kangxi, mfalme mkuu wa China. Mapadre Jean de Fontaney na Claude de Visdelou walikuwa na gome hilo. Mfalme hakulinywa bila hadhari. Kwanza walijaribishwa wagonjwa wengine, wakapona. Ndipo naye akanywa, akapona. Kwa shukrani aliwapa mapadre nyumba mjini Peking, na hapo wakajenga kanisa. Na jambo hili nalo likumbuke: gome lilipelekwa China na wageni, na baada ya miaka karibu 300 China italeta dawa nyingine kwa dunia nzima.

Sanduku lililopotea

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1820, mjini Paris, wataalamu wawili wa dawa, Pierre Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifaulu kukitoa kiini cha gome, kile chenye nguvu ya kuponya. Wakakiita kwinini. Hawakuificha njia yao. Waliiandika ili kila mtengeneza dawa aifuate. Tangu hapo mgonjwa hakulazimika kunywa unga mwingi wa gome ambalo pengine ni zuri na pengine ni bovu. Alipewa kiini chenyewe, kilichopimwa kwa mizani.

David Livingstone alikijua sana kiini hicho. Alikuwa daktari, na alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vya kwinini na dawa za kuharisha. Lakini Januari ya mwaka 1867, alipokuwa njiani kuelekea ziwa Tanganyika, wapagazi wawili walitoroka na mizigo, na katika mizigo hiyo lilikuwamo sanduku la dawa. Aliandika katika daftari lake kwamba aliona kana kwamba amehukumiwa kufa.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1869 aliingia Maniema, akafika Bambarre, yaani Kabambare ya leo. Kwa miezi mingi ya mwaka 1870 hakuweza kutembea kwa sababu ya vidonda vya miguuni. Daktari msomi wa Uingereza alikaa katika kijiji cha Maniema bila dawa yake yoyote. Kilichomfaa mwishoni ni jiwe la kijani la shaba lililoletwa na wafanya biashara kutoka Katanga. Lilisuguliwa juu ya jiwe pamoja na maji, kisha likapakwa kidondani kwa unyoya wa ndege. Leo wataalamu wanajua kwamba shaba huua vijidudu vingi. Livingstone hakujua sababu; aliona tu kidonda kinafunga.

Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, na tarehe 15 Julai akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwa bunduki za wafanya biashara ya watumwa. Akageuka, akarudi Ujiji akiwa amechoka mno. Huko Stanley alimkuta mwaka ule ule, naye akiwa na chakula na dawa. Lakini mwili wa Livingstone ulikuwa umekwisha kuharibika, akafa mwaka 1873.

Linganisha na safari nyingine. Mwaka 1854 daktari William Baikie alipanda mto Niger kwa meli iliyoitwa Pleiad. Safari za kwanza katika mto ule zilikuwa zimeua Wazungu wengi kwa homa. Baikie aliwaamuru watu wake wanywe kwinini kila siku, hata wasipougua. Walirudi wote, hakufa hata mmoja kwa homa. Ndipo Ulaya ilipojua kwamba bara la Afrika linaweza kuingiwa. Tusifiche neno hili: gome lile lile lililookoa roho nyingi lilifungua pia njia ya majeshi na ya watawala. Dawa haina moyo. Moyo ni wa mtu anayeishika.

Kijidudu chajulikana

Kwa miaka 200 na zaidi watu walikunywa gome bila kujua linafanya nini ndani ya mwili. Mwaka 1880, huko Constantine katika Aljeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliitazama damu ya askari mwenye homa kwa darubini. Akaona vijidudu vinacheza ndani yake. Mwaka 1891 Mrusi Dmitri Romanowsky aliona kwamba mgonjwa akipewa kwinini, vijidudu hivyo huharibika. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross akaviona katika tumbo la mbu.

Basi siri ikafunguka. Kwinini haiondoi baridi na joto tu, wala haifukuzi hewa mbaya, kama wazee wa Ulaya walivyodhani. Inamwua adui ndani ya damu. Na mti unao kiini hicho kwa sababu gani? Mti hauwezi kukimbia adui zake. Wadudu, ukungu na vijidudu huushambulia, nao hujilinda kwa uchungu na sumu zilizo katika gome, mizizi na majani. Sumu ya mti, ikipimwa vizuri, yaweza kuwa dawa ya mtu. Isipopimwa hubaki sumu. Hata kwinini ikizidi huziba masikio, huyumbisha macho, hupunguza sukari ya damu, na yaweza kuua.

Milima ya Kivu

Wakati huo miti ilikuwa inakwisha Amerika, kwa maana kila mmoja alikata na hakuna aliyepanda. Katika nchi ya Bolivia palikuwa na mtu wa milimani aitwaye Manuel Incra Mamani, ambaye aliijua miti ya gome kuliko msomi yeyote. Mwaka 1865 alimpatia Mwingereza Charles Ledger mbegu za mti ulio bora kupita yote. Waingereza walizikataa mbegu hizo. Waholanzi walinunua ratli moja tu, wakazipanda Java. Miti iliyoota ilikuwa na kwinini nyingi ajabu, na baada ya miaka kadhaa Java ikawa inalisha karibu dunia nzima. Ledger jina lake limepewa mti. Mamani alikamatwa kwa kosa la kutoa mbegu nje ya nchi, akapigwa, akafa. Watu wanaokunywa kwinini hawamjui.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java. Siku moja tu, na jeshi la Wamarekani na Waingereza likakosa kwinini. Askari waliokuwa vitani katika nchi za joto walianguka kwa malaria kwa maelfu. Ndipo macho yakageuka kuitazama milima ya Kivu. Huko, katika baridi na mvua za milima ya Bukavu, mti wa kwinini ulikuwa umekwisha kupandwa na Wabelgiji. Mwaka ule ule wa 1942 ikaanzishwa Bukavu kampuni ya Congokina, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Pharmakina.

Kazi yake ilikuwa ya jasho. Mti hukaa miaka mingi kabla ya kuvunwa. Kisha hung'olewa, shina na mizizi hupigwa kwa magongo ya mbao mpaka gome liachane na mti, na gome hukaushwa na kusagwa. Wanaume na wanawake wa Kivu walipiga magome hayo mwaka hata mwaka. Maniema wakati ule, na mpaka mwaka 1988, ilikuwa sehemu ya jimbo la Kivu. Kwa hiyo mtu wa Kindu akiambiwa kwamba kwinini ni dawa ya Wazungu, na acheke. Kwa miaka mingi gome lake lilivunwa jimboni kwake, kwa mikono ya ndugu zake.

Baada ya vita watu walidhani shida imekwisha. Wadachi walikuwa wamegundua klorokwini mwaka 1934. Hii ilitengenezwa kiwandani tupu, bila gome, nayo ilikuwa rahisi na nafuu. Kila dispanseri ya misioni ilikuwa na chupa ya vidonge vyake. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 vijidudu vilivyoizoea klorokwini vilionekana Afrika ya Mashariki, vikaenea. Watoto walimezeshwa vidonge, homa isishuke. Mwaka 2001 Serikali ya Kongo ikaiacha klorokwini. Ilitakiwa dawa nyingine, na dawa hiyo ilikuwa tayari China.

Mmea wa China

Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, Serikali ya China iliwaagiza wataalamu wake watafute kwa siri dawa mpya ya malaria, kwa sababu askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakifa. Mwaka 1969 mama mmoja, Tu Youyou, aliwekwa kuongoza kundi la wataalamu mjini Peking. Hakwenda maabara kwanza. Alikwenda kwa wazee na kwa vitabu vya kale. Yeye na wenzake waliandika dawa za kienyeji zipatazo 2,000, kisha wakachagua mimea, wakaikamua, wakaijaribu katika panya wenye malaria.

Mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Artemisia annua, uliwasumbua. Mara ulifaa, mara haukufaa. Tu Youyou akarudi kusoma kitabu cha mganga Ge Hong, kilichoandikwa miaka 1,600 iliyopita. Humo aliona kwamba Ge Hong hakuagiza mmea uchemshwe. Aliagiza uloweshwe katika maji, kisha ukamuliwe. Hapo akaelewa: labda moto ndio unaoharibu dawa! Akaacha kuchemsha, akatumia etha, ambayo hutokota kwa joto kidogo tu. Tarehe 4 Oktoba 1971 maji ya mmea yaliyokamuliwa kwa njia hiyo, namba 191, yaliua vijidudu vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na baadhi ya wenzake waliinywa wenyewe kwanza, kuona kama haina sumu kwa watu. Mwaka ule ule kiini kilipatikana, nacho huitwa artemisinini. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Kutokana na kiini hicho ndizo zinatoka dawa tulizo nazo leo. Mwaka 2005 Kongo ilichagua artesunati pamoja na amodiakwini. Na kwinini ya mishipani, iliyowaokoa wengi, ikapata mshindani. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Katika kila watoto 100 waliotiwa kwinini walikufa karibu 11. Waliotiwa artesunati walikufa kati ya 8 na 9. Pengine utasema tofauti ni ndogo. Kwa mama wa mtoto yule wa tisa au wa kumi si ndogo.

Sahani ya kioo

Sasa msomaji atauliza, "Kama kwinini ni gome na artesunati ni jani, mbona wanatukataza majani yetu?" Swali ni zuri, nalo linastahili jibu la haki.

Kwanza, wazee wetu si wajinga. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti, na Mmarekani Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akitafuna utomvu wa ndani wa kijiti kichungu ambacho kwa kawaida sokwe hawakijali. Siku ya pili alikuwa mzima. Kalunde alimweleza mwenzake kwamba Watongwe nao hutumia mti huo kwa magonjwa ya tumbo. Mti huo huitwa na wataalamu Vernonia amygdalina, nao unajulikana katika sehemu nyingi za Kongo. Maabara zikathibitisha kwamba uchungu wake una viini vinavyopigana na vijidudu na minyoo. Neno la mzee na tendo la mnyama vilielekeza njia, na maabara ikafuata nyuma.

Pili, kupima mmea si uchawi. Majani hukaushwa, husagwa, huloweshwa katika maji au pombe kali, kisha maji yake huchujwa. Vijidudu hupandwa katika sahani ya kioo yenye chakula chao kinachofanana na uji ulioganda. Juu yake huwekwa kipande cha karatasi kilichochovywa katika maji ya dawa. Baada ya siku moja vijidudu vimeota kila mahali kama ukungu juu ya ugali uliolala. Ikiwa kuzunguka karatasi pamebaki peupe, bila kitu, maana yake dawa imeviua au imevizuia. Weupe ukiwa mpana, nguvu ni kubwa.

Lakini hapa wengi hujidanganya. Sahani si mtu. Moto huua vijidudu, na hakuna anayemlisha mtoto moto. Dawa ikishinda katika sahani, bado itaulizwa: je, ikimezwa hufika katika damu? Hukaa saa ngapi? Haichomi ini wala figo? Kiasi gani kwa mtu mzima, na kiasi gani kwa mtoto wa miaka 2? Mimea mingi imeshinda katika sahani. Michache sana imefika kwa mgonjwa. Yale yote yaliyotokea kati ya Bruda Salumbrino na sindano ya artesunati ni majibu ya maswali haya.

Majani ya Maniema

Swali hili liliingia Maniema yenyewe. Artemisia ya China ilikuwa imekwisha kuletwa Afrika, ikapandwa Arusha, Kenya, Kabale katika Uganda, na katika Kongo pia. Watu wakaanza kuchemsha majani yake na kuyanywa kama chai. Walisema, "Kwa nini tungojee vidonge visivyofika? Tupande wenyewe." Maneno hayo tusiyadharau. Mahali ambapo dispanseri iko mbali safari ya siku nzima, na kabati la dawa ni tupu, mtu hatakaa mikono mitupu akimtazama mtoto wake anakufa.

Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi mmoja uliofanyika Kongo kwa wagonjwa 132. Chai ya artemisia ililinganishwa na kwinini. Baada ya siku 7, katika kila wagonjwa 100 waliokunywa chai, 74 hawakuwa tena na vijidudu. Wa kwinini walikuwa 91. Lakini katika majuma yaliyofuata, wengi wa wale wa chai walishikwa tena na homa. Maana yake ni hii: chai ina nguvu, wala si maji matupu; lakini nguvu yake haitoshi kummaliza adui. Inampiga, naye anajificha, kisha anarudi.

Mwishoni mwa mwaka 2015 ulifanyika uchunguzi mwingine, mkubwa zaidi, Maniema, upande wa Kalima. Waliingizwa wagonjwa 957. Ulipochapishwa mwaka 2019, ulisema kwamba chai iliishinda dawa ya hospitali, tena kwa mbali. Habari ikaenea upesi. Watu wengi wa Maniema walifurahi kuona jina la nchi yao katika gazeti la wataalamu. Lakini wataalamu wengine wakaisoma hesabu mstari kwa mstari, wakaandika kwamba mambo mengi hayapatani. Mwishowe gazeti lile lile likaibatilisha makala.

Wako waliosema hizo ni fitina za wauza vidonge. Sisi hatuhukumu mioyo ya watu. Twasema neno moja tu: hesabu inayobatilishwa haiwezi kuwa msingi wa kumtibu mtoto. Kama chai kweli inaponya, uchunguzi mwingine ulio safi utaonyesha, na sisi tutakuwa wa kwanza kufurahi. Talbor alificha dawa yake, na baada ya kufa siri ikajulikana. Tu Youyou alionyesha yake yote, na wengine wakairudia wakaona vile vile. Dawa ya kweli haiogopi kurudiwa.

Kuna sababu nyingine ya kujihadhari, nayo ni nzito. Kiini kidogo kisichotosha huwafundisha vijidudu kuzoea dawa, kama adui anayepigwa kwa fimbo nyembamba kila siku mpaka ngozi yake ikawa ngumu. Ndivyo klorokwini ilivyotuponyoka. Tangu mwaka 2020 wataalamu wameandika kwamba katika Rwanda na Uganda, na kisha Tanzania, vijidudu vinavyoanza kuizoea artemisinini vimekwisha kuonekana. Hao ni majirani zetu wa mlango kwa mlango. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012 na tena mwaka 2019, lilisema kwamba haliungi mkono kutibu wala kuzuia malaria kwa chai ya artemisia. Tukiipoteza dawa hii, hatuna nyingine ya namna yake inayotungojea kabatini.

Amsikilize nani?

Turudi kwa mama wetu wa Kindu, ambaye tumemwacha amesimama usiku na mtoto.

Mama, mchukue mtoto ukampime damu usiku huo huo, au alfajiri na mapema. Malaria ya mtoto mdogo haingoji siku ya tatu. Ukipewa vidonge, mpe vyote mpaka cha mwisho, hata akianza kucheza siku ya pili. Usiweke nusu kwa ajili ya ndugu yake. Akitapika, akizimia, au akishikwa na degedege, usijaribu kitu kingine nyumbani, kimbia hospitali. Na usilale bila chandarua, kwa maana mbu asiyeuma haleti deni la dawa.

Nawe jirani, usione aibu kwa ajili ya majani yako. Mwonyeshe mwanao aliyesoma mti unaoujua, umwambie unatibu nini, sehemu gani hutumika, na wakati gani hauwezi kabisa. Mzee akifa na elimu yake, misitu ya Maniema itabaki imesimama lakini hakuna atakayeisoma. Nawe kijana unayejifunza katika vyuo vya Kindu na Bukavu na Kinshasa, ukalipokee jani hilo kwa heshima kama Tu Youyou alivyokipokea kitabu cha Ge Hong, ukalipime bila huruma kama alivyolipima yeye. Ukiona linashindwa, sema limeshindwa. Ukiona linashinda, andika njia yako wazi ili mwingine airudie, na jina la mzee aliyekuonyesha uliandike pamoja na lako, lisije likasahauliwa kama la Manuel Mamani.

Basi vidonge na majani vyote vimetoka porini. Tofauti yao ni ile karatasi ya Roma ya karibu mwaka 1650: kiasi gani, saa gani, kwa mgonjwa yupi. Jani lililopata karatasi yake ni dawa. Lile ambalo bado halijapata, lipewe nafasi maabarani; lakini mtoto mwenye homa usiku huu asifanywe yeye sahani ya kujaribia.